Dawa peke yake haimridhishi mzee

Mwaka 1938 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianza kuwafuatilia wanafunzi 268 wa chuo hicho. Baadaye waliongezwa vijana 456 waliokulia katika mitaa ya kimaskini ya Boston. Walipimwa damu na kuulizwa kuhusu kazi, ndoa na marafiki, miaka nenda miaka rudi, hadi uzeeni.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Waliokuwa wameridhika zaidi na uhusiano wao na watu walipokuwa na miaka 50, ndio waliofika 80 wakiwa na afya njema. Kipimo cha lehemu kwenye damu hakikubashiri hilo vizuri kiasi hicho.

Wingi wa watu si hoja. Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonyesha kwamba mtu akizeeka hupunguza marafiki kwa hiari yake, akabaki na wale wa karibu kabisa. Shida huanza pale hao wachache nao wanapopotea.

Wakati mwingine huanzia sikioni. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu mkubwa wa kusikia. Mzee wa namna hiyo akiwa barazani huitikia "eeh" bila kujua kilichosemwa. Wenzake wakicheka, anacheka. Mwishowe huacha kutoka nyumbani, na familia inadhani amekuwa mkimya kwa sababu ya umri.

Fedha nayo ina nafasi yake, hata ikiwa ndogo. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar hulipa pensheni jamii kwa kila mkaazi aliyefikia miaka 70, awe aliajiriwa au la. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Huko Nshamba, wilayani Muleba, Tanzania Bara, mradi wa Kwa Wazee umekuwa ukitoa pensheni ndogo tangu 2003, hasa kwa mabibi wanaolea wajukuu walioachwa yatima na UKIMWI. Fedha hizo zilinunua chumvi, sabuni na viatu vya shule. Bibi mwenye sabuni yake hahitaji kubisha hodi kwa jirani kuomba, na heshima yake inabaki.

Kwa hiyo anayeishi mbali na wazazi asiishie kutuma hela ya dawa. Apige simu na asikate haraka, ampeleke mama akapimwe masikio, na fedha anayompa amwachie aipangie matumizi mwenyewe.