Sayansi ya Kurudi Nyumbani Salama Baada ya Mchezo

Katika miji na vijiji vyetu vingi, viwanja vya michezo viko kando ya barabara kuu. Vijana wa klabu hukusanyika baada ya masomo na kazi, hucheza mpaka mpira hauonekani vema, kisha hutawanyika wawili wawili kwa miguu au kwa baiskeli. Watu hujali sana majeraha ya uwanjani, lakini aghalabu hatari kubwa zaidi humngojea mchezaji katika safari ya kurudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu wapatao 1,190,000 duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ndio wa wanachama wengi wa klabu zetu. Hebu basi tuchunguze sayansi inatufundisha nini juu ya safari hiyo.

Giza liingialo haraka

Jua huonekana likizunguka angani kwa mwendo wa nyuzi 15 kwa saa. Karibu na Ikweta, jua huzama likishuka takriban wima, kwa hiyo hupita upesi chini ya upeo wa macho. Likishafika nyuzi 6 chini ya upeo huo, nuru iliyobaki haitoshi tena kwa shughuli za nje bila taa. Dar es Salaam, utusitusi huo hudumu dakika 20 hadi 25 tu. London, ambako jua huzama kwa mshazari, utusitusi wa mwezi Juni huchukua takriban dakika 45. Mchezaji wa kwetu hana muda mrefu wa kutahadharishwa kwamba usiku umefika.

Jicho wakati wa utusitusi

Nyuma ya jicho mna seli za aina mbili zipokeazo nuru. Seli zenye umbo la pia hufanya kazi mchana, na ndizo zitambuazo rangi. Seli zenye umbo la fito hufanya kazi katika nuru hafifu, lakini hazitofautishi rangi. Mtu akitoka mwangani kuingia gizani, fito zake huhitaji nusu saa hivi ili zizoee kikamilifu. Taa kali za gari moja tu hutosha kuharibu mazoea hayo kwa muda.

Tena, fito haziioni vema nuru nyekundu. Mtaalamu Jan Purkinje aliligundua jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19, alipoona kuwa maua mekundu yang'aayo mchana huwa meusi kwanza jioni, ilhali yale ya buluu huendelea kuonekana. Ni vivyo hivyo kwa jezi. Jezi nyekundu inayovutia macho saa 10 alasiri inaweza kuwa vazi jeusi ifikapo saa 12 na nusu, na mwenye kuivaa hana habari. Yeye huliona gari vizuri kwa sababu lina taa, akadhani kuwa dereva naye amemwona. Kosa hili la kudhani ndilo liletalo maafa.

Hesabu ya breki

Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Tukikadiria kwamba dereva huhitaji sekunde moja na nusu tangu kuona kitu mpaka kukanyaga breki, gari litakuwa limekwenda mita 33. Breki nzuri kwenye lami kavu huhitaji mita nyingine 35 hivi. Jumla ni mita 68. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, jumla hiyo hupungua kuwa mita 35 hivi, maana umbali wa breki hufuata mraba wa mwendo. Lami ikilowa, umbali huongezeka.

Sasa linganisha. Kwa taa za gari zilizoshushwa, mtu aliyevaa nguo nyeusi huonekana kwa umbali wa mita 30 hivi. Maana yake ni kwamba gari la kilomita 80 kwa saa litamfikia kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Hata lile la kilomita 50 halitawahi kusimama. Mtu mwenye kiakisi huonekana kwa zaidi ya mita 100, na dereva hupata nafasi ya kumwepuka.

Kiakisi hufanyaje kazi?

Kitambaa cheupe huitawanya nuru pande zote, na sehemu ndogo tu humrudia dereva. Kioo bapa huipeleka upande mwingine. Kiakisi cha baiskeli kina pembe nyingi ndogo, kila moja ikiwa na nyuso tatu zilizokutana kama kona ya chumba. Nuru iingiayo humo hugonga nyuso hizo, kisha hurudi kule kule ilikotoka. Kwa kuwa macho ya dereva yako karibu na taa zake, humrudia yeye. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini chombo cha namna hiyo hiyo ili kupimia umbali wake kwa miali ya leza. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kiakisi hakina nuru yake chenyewe. Mbele ya baiskeli isiyo na taa hakifai kitu. Hivyo tochi bado yahitajika.

Jaribio

Katika uwanja wa shule, mbali na barabara, simamisheni wanafunzi wanne wakiwa na kitambaa chekundu, cha buluu, cheupe, na kiakisi cha baiskeli kuukuu. Kuanzia machweo, andikeni kila dakika tano ni rangi ipi imefifia kwanza. Giza likiingia, mtazamaji ashike tochi karibu na jicho lake akimulika kiakisi. Kisha mwenzake aliyesimama hatua mbili pembeni aseme anaona nini. Elezeni tofauti hiyo.

Ratiba ya klabu

Tuseme mwanachama wa mbali zaidi anakaa kilomita 4 kutoka uwanjani. Akitembea kilomita 5 kwa saa, atatumia dakika 48. Dar es Salaam, katikati ya Juni jua huzama kama saa 12 na dakika 15, na utusitusi huisha karibu saa 12 na dakika 37. Yampasa kuondoka kabla ya saa 11 na dakika 49. Katikati ya Februari jua huzama kama saa 12 na dakika 47, na anaweza kungoja mpaka saa 12 na dakika 20 hivi. Ni dhahiri kuwa ratiba moja ya mwaka mzima haifai. Kila klabu ifanye hesabu hii kwa mahali pake.

Wakichelewa, watembee kwa kikundi, wafunge viakisi mikobani, na pasipo na njia ya miguu wapite upande wa kulia wa barabara ili wayakabili magari yajayo. Aliyegongwa kichwa mchezoni asiachwe kwenda peke yake, kwani dalili zaweza kutokea saa kadhaa baadaye. Nahodha awahesabu wenzake wanapoondoka, na kila kikundi kimpelekee habari kikifika. Mchezo haujaisha mpaka wote wamefika kwao.