Ukihama, mbwa wako unamwachia nani?

Mpangaji alihama siku ya Jumamosi. Alipakia kitanda, jiko la gesi na televisheni kwenye kirikuu, akafunga mlango, akamkabidhi mwenye nyumba ufunguo wake. Mbwa akabaki.

Nilimkuta mbwa huyo Nyangoto, wilayani Tarime, nilipokwenda kumjulia hali shangazi yangu. Alikuwa amelala mbele ya mlango wenye kufuli, mbavu zinahesabika. Gari likipita anasimama, anatazama, kisha analala tena. Shangazi aliniambia ana wiki ya tatu pale. Watoto wa jirani walikuwa wakimtupia makombo ya ugali, naye akawa anawafuata.

Siku ya pili ya ziara yangu, mtoto wa kiume wa miaka saba alijaribu kumnyang'anya mfupa akicheza naye. Akang'atwa kiganjani.

Mama yake alikuja mbio kwa shangazi kwa kuwa alisikia kuna daktari. Alimwamkia shangazi shikamoo huku bado anahema, kisha akanigeukia. "Daktari, ni kidonda kidogo tu. Huyu mbwa tunamfahamu, hana kichaa. Si tusubiri kwanza tuone?"

Nilimuuliza maswali mawili. Je, mbwa huyu amechanjwa? Hakuna aliyejua. Na mwenye mbwa ni nani? Wote waliokuwepo walielekeza vidole kwenye ule mlango uliofungwa.

Makala ya leo naiandika kwa sababu ya swali hilo la pili.

Daktari wa watu na habari za mbwa

Huenda msomaji akashangaa kwa nini daktari wa binadamu anaandika kuhusu mbwa aliyetelekezwa. Sababu ni kwamba ugonjwa wa kichaa cha mbwa huanzia kwa mbwa na kuishia wodini kwetu, na ukishafika wodini na dalili zake, tumechelewa.

Inakadiriwa kwamba duniani kote watu wapatao 59,000 hufariki kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Kwa Tanzania makadirio hufikia vifo 1,500 kwa mwaka. Katika kila wagonjwa 100, takribani 99 wameambukizwa na mbwa. Na kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, hivyo mbwa humfikia usoni na kichwani. Pia mtoto huona aibu au huogopa kuchapwa, akaficha kidonda.

Virusi vya kichaa hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia kwenye kidonda, husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili hadi mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka mzima. Muda huo wa ukimya ndio nafasi yetu ya kuokoa maisha. Dalili zikianza, karibu kila mgonjwa hufariki, awe kijijini au katika hospitali kubwa kuliko zote.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo baada ya kumaliza chuo, nilimpokea binti wa miaka tisa. Alikuwa na kiu kali, lakini kila akisogezewa kikombe cha maji koo linakaza, anakisukuma. Baba yake alidhani ni malaria imepanda kichwani. Bibi yake alisema amerogwa. Tulipouliza sana, kaka yake ndiye aliyekumbuka: miezi miwili nyuma, mbwa mdogo asiyejulikana ni wa nani alimng'ata kwenye kifundo cha mguu. Ilitoka damu kidogo, wakapaka mafuta ya taa, wakasahau. Binti yule alifariki siku ya tatu. Tulichoweza kumpa ni dawa za kumtuliza tu.

Mbwa asiye na mwenyewe

Nyangoto iko jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, na maisha ya hapo ni ya watu kuja na kuondoka. "Mwanangu, huyu anakuja kutafuta, yule anaondoka," shangazi aliniambia. "Akija anataka mbwa wa kulinda mlango. Akiondoka, mbwa hana nauli." Lakini jambo hili si la Nyangoto peke yake. Nimeliona Mwanza, nimeliona Dar es Salaam, na hata wewe msomaji pengine unaijua nyumba moja ya namna hiyo mtaani kwenu.

Mbwa akitelekezwa, kwanza hukosa wa kumpeleka kwenye chanjo. Chanjo ya kichaa kwa mbwa hurudiwa, kwa kawaida kila mwaka. Timu ya mifugo inapokuja kijijini na kutangaza kwa kipaza sauti, watoto hufunga mbwa wao kwa kamba na kuwaleta. Huyu wa mlango wenye kufuli haletwi na mtu.

Pili, hukosa wa kumchunga. Njaa humfanya azurure mbali, agombane na mbwa wengine na kukutana na wanyama wa porini. Jike akiachwa huzaa: mimba ya mbwa ni kama siku 63, na watoto watakaozaliwa hawatakuwa na mwenyewe wala kadi ya chanjo.

Tatu, na hili wazazi wengi hawalijui, hukosa wa kumtazama baada ya kung'ata. Mbwa ambaye mate yake yana virusi vya kichaa huwa mgonjwa na kufa ndani ya siku chache. Ndiyo maana mbwa aliyeng'ata mtu hufungwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, tunajua hakumwambukiza mtu yule, na daktari anaweza kuamua kama dozi zilizobaki zinahitajika. Mbwa mwenye mwenyewe tunaweza kumfanyia hivyo. Asiye na mwenyewe hutoweka au huuawa kwa mawe, na familia hubaki na wasiwasi.

Habari njema ni kwamba mbwa wengi tunaowaona wakizurura vijijini si wa bure. Wana nyumba wanakolala na mtu anayewaita. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro kati ya mwaka 2002 na 2006 waligundua kwamba, kwa wastani, mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza mbwa mwingine mmoja na kidogo tu. Maana yake moto huu si mkali kiasi cha kutozimika. Mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa ziliukomesha ugonjwa mwaka 2014. Ulipoingia tena mwaka 2016, uliondolewa tena kufikia mwaka 2018.

Wapo wanaosema dawa ni kuwaua mbwa wote wanaozurura. Uzoefu wa nchi nyingi umeonyesha kwamba hilo halimalizi kichaa. Wakiuawa hawa, wengine huingia kuchukua nafasi yao, na mara nyingi waliouawa ni wale waliokwisha kuchanjwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) na washirika wake wanalenga kwamba ifikapo mwaka 2030 pasiwe na mtu anayekufa kwa kichaa kinachotokana na mbwa, na njia wanayoisisitiza ni kuchanja.

Mtoto aking'atwa, fanya haya

Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tumia saa ya simu, maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Bomba halipo? Mwagia kwa kopo au dumu. Sabuni ya kufulia inatosha. Ukiwa na dawa ya madini joto ya kusafishia vidonda au spiriti, paka baada ya kuosha.

Usipake mafuta ya taa, pilipili, chumvi, udongo, tumbaku wala majani. Usikifunge kwa kukibana.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo uliotoa damu, hata kama mbwa unamfahamu. Kabla ya kuondoka piga simu uulize kituo gani kina chanjo, usije ukazunguka. Kwa kawaida dozi hutolewa siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3 na siku 7, na kwa ratiba nyingine kuna ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Fuata tarehe ulizoandikiwa na usiache katikati kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda kilichotoa damu huhitaji pia kinga ya haraka iitwayo imunoglobulini, inayochomwa kuzunguka kidonda. Isipopatikana, chanjo isicheleweshwe kwa kuisubiri. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Mama mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kuchanjwa bila hofu.

Usisubiri siku 10 za mbwa ndipo uanze chanjo. Mtoto anaanza leo, mbwa anaangaliwa wakati huo huo. Mtaarifu pia afisa mifugo wa kata au mtendaji wa kijiji.

Na mzazi, mwambie mtoto wako mapema: ukiumwa na mbwa, paka au mnyama yeyote, njoo uniambie, sitakuchapa. Sentensi hiyo inaweza kumwokoa.

Kabla hujafuga, na kabla hujahama

Mbwa anaishi miaka 10 na zaidi. Kabla ya kumleta nyumbani jiulize kama utaweza kumlisha, kumchanja, kumpa dawa ya minyoo na kuhama naye. Minyoo ya mbwa huwapata watoto wanaocheza kwenye udongo wenye kinyesi, hivyo kunawa mikono ni sehemu ya ufugaji.

Ukihama na huwezi kwenda naye, mkabidhi kwa mtu unayemjua kwa jina, aliyekubali kwa kinywa chake. Mpe na kadi ya chanjo. Kumwachia "majirani" ni sawa na kutomwachia mtu. Ukikosa wa kumpokea, mwone afisa mifugo kabla ya siku ya kupakia mizigo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatambua kwamba mnyama anayefugwa anastahili kutunzwa. Wenye nyumba nao wanaweza kusaidia: unapopokea ufunguo, uliza mbwa anakwenda wapi.

Wapo pia wazazi wanaowanunulia watoto sungura kwa sababu ni wazuri na wapole. Sungura huishi miaka minane au zaidi, na jike hubeba mimba kama siku 31 tu, hivyo wawili huwa wengi haraka. Mtoto akichoka, hufunguliwa mlango "wajitafutie". Sungura wa kufugwa hawezi kujitafutia. Ataliwa na mbwa au mwewe. Ni nadra sana sungura kuwa na kichaa, lakini meno na kucha zake hujeruhi, na kidonda chake nacho huoshwa kwa sabuni.

Kuhusu paka, nakutana na wajawazito walioambiwa wamtupe paka ili mimba isiharibike. Ni kweli kuna kimelea kwenye kinyesi cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni, lakini kinga yake ni rahisi: mtu mwingine asafishe kinyesi kila siku, mama avae glavu akilima bustani, anawe mikono na ale nyama iliyoiva vizuri. Paka abaki nyumbani, achanjwe kichaa kama mbwa, kwa sababu naye huambukiza.

Mtoto wa Nyangoto

Tulimwosha yule mtoto kiganja kwa dakika 15 kwenye beseni la nguo, shangazi akimiminia maji, yeye akilia. Mchana huo alipanda gari na mama yake kwenda kuchanjwa. Alimaliza dozi zote. Mama alilipa nauli za kwenda na kurudi kwa fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya sare za shule.

Mbwa hatukupata kumwangalia siku 10. Siku ya nne asubuhi hakuwepo mlangoni, na hakuna aliyejua alikokwenda au aliyekubali kusema. Hatutajua kamwe kama alikuwa mgonjwa.

Mwenye nyumba alikuwa na namba ya yule mpangaji, akampigia mbele yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alisikitika sana kusikia habari za mtoto, akauliza anaendeleaje. Kisha akasema, "Nilidhani jirani atamchukua."

Majirani nao, nilipowauliza, walisema walidhani mwenyewe atamrudia.