Gari la euro milioni 2 na barabara ya Kamina

Magari 150 tu kwa dunia nzima: ndivyo kampuni ya Automobili Pininfarina ilivyotangaza ilipoonyesha Battista, gari lake la kasi la umeme, mjini Geneva mwaka 2019. Lina nguvu za farasi 1,900 na bei yake wakati huo ilikuwa karibu euro milioni 2. Jina linamkumbuka Battista Farina, aliyefungua karakana ya kuchora na kuunda bodi za magari huko Torino, Italia, mwaka 1930.

Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, kasi hiyo ingepotelea matopeni. Kwa miaka mingi, barabara ya kwenda Kolwezi imekuwa ya udongo, na malori hukwama mvua ikinyesha.

Lakini ni Kolwezi huko kunakochimbwa kobalti, madini ya betri za magari mengi ya umeme. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo.

Faida kubwa humwendea anayechora na kuunda. Uganda ilijaribu: mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha Kiira EV, gari la umeme la viti viwili. Kongo yenye madini bado inachimba na kuuza.