Nchi jirani: Kiungo kidogo kinachosimamisha trekta la zamani

Kila mwaka, kabla ya mvua za vuli kuanza nchini Kenya na Tanzania, mafundi wa mitambo hupokea wateja wa aina moja: wakulima wenye trekta dogo la miaka mingi ambalo injini yake inanguruma vizuri, lakini mikono yake ya nyuma hainyanyui plau. Chini ya trekta pana dimbwi la mafuta. Mara nyingi kilichoharibika si injini wala pampu, bali kiungo cha chuma kinachounganisha bomba na valvu ya haidroliki.

Kiungo hicho ni cha bei ndogo. Hata hivyo, kikitengenezwa vibaya kinaweza kuipasua valvu yenyewe, na valvu ya trekta lililoacha kuundwa miongo kadhaa iliyopita haipatikani kwa urahisi. Makala haya yanaeleza sababu za uvujaji huo na namna ya kuutengeneza, kwa manufaa ya wasikilizaji wetu wenye matrekta ya aina hiyo au wanaofikiria kununua moja kutoka nchi jirani.

Nguvu iliyomo ndani ya mafuta

Katika mfumo wa haidroliki, pampu huyasukuma mafuta, valvu huyaelekeza, nayo silinda huigeuza nguvu ya mafuta hayo kuwa mwendo wa kunyanyua. Aliyeueneza mfumo huo katika matrekta madogo ni Harry Ferguson, mhandisi mzaliwa wa Ireland. Trekta lake la rangi ya kijivu, TE20, liliundwa mjini Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, na yalitoka zaidi ya laki tano. Baadaye zikafuata aina za Massey Ferguson 35 na 135, ambazo bado zinaonekana katika mashamba ya Afrika Mashariki.

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa shinikizo la bar 2 au zaidi kidogo. Trekta linaponyanyua mzigo mzito, shinikizo la mafuta huweza kuzidi bar 100. Ndiyo sababu gundi, kamba na vitambaa vinavyotosha kuziba bomba la maji havifai kitu hapa.

Jina moja, hesi tofauti

Chanzo kikubwa cha makosa ni hesi, yaani meno ya mzunguko yaliyochongwa kwenye kiungo. Hesi za mabomba za Kiingereza, zijulikanazo kwa kifupi BSP, zina meno yenye pembe ya digrii 55. Zile za Kimarekani, NPT, zina digrii 60. Katika ukubwa wa nusu inchi, zote mbili zina meno 14 kwa kila inchi. Kwa hiyo kiungo cha Kimarekani huingia katika tundu la Kiingereza kwa mizunguko kadhaa, na fundi hudhani kimekubali. Kumbe meno hayajakaa sawasawa, na mafuta hupata njia. Katika ukubwa wa robo inchi, ya Kiingereza ina meno 19 na ya Kimarekani 18. Hapo kiungo hukwama mapema, na huko kukwama ni onyo. Fundi mwenye haraka hulipuuza, akatumia spana ndefu na kuyaharibu meno ya valvu.

Matrekta madogo yaliyotumika kutoka Japani huleta mtego mwingine. Baadhi ya viungo vyake vina hesi inayolingana na ile ya Kiingereza, lakini umbo la koni inayozuia mafuta ni tofauti. Kiungo huingia hadi mwisho, hukazwa vizuri, na bado huvuja.

Wala jina lililoandikwa kwenye boneti halitoshi kuwa mwongozo. Massey Ferguson 35 na 135 ziliundwa Coventry na pia Detroit, Marekani, na nchini India matrekta ya jina hilo yameundwa kwa leseni. Isitoshe, katika miaka hamsini trekta moja hupitia mikono ya mafundi wengi, na kila mmoja huacha alichokuwa nacho. Kwa hiyo mnunuzi anayekwenda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam au soko la Kisekka jijini Kampala abebe kiungo cha zamani mkononi, apime kipenyo chake na kuyalinganisha meno kwa geji ya hesi.

Makosa yanayoua valvu

La kwanza ni kukaza kupita kiasi. Kiungo chenye hesi iliyochongoka hufanya kazi kama kabari. Mwili wa valvu ni chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini hakinyumbuki. Kila nyongeza ya spana huutanua, mpaka siku moja ukapasuka.

La pili ni kuzungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba. Vipande vyake hukatika, vikasafiri na mafuta na kukwamisha kijiti kinachoteleza ndani ya valvu.

La tatu ni kutumia mpira usiofaa. Mipira ya mviringo ya breki za gari imekusudiwa mafuta ya breki. Ikikutana na mafuta ya haidroliki hufura na kuharibika. Inayotakiwa ni ile iliyotengenezwa kustahimili mafuta ya madini.

La nne ni kuchomelea ufa wa valvu ikiwa bado kwenye trekta. Moto huikunja njia ya kijiti, na valvu haitarudi kuwa kama ilivyokuwa.

Hatua za matengenezo

Trekta lisimamishwe mahali tambarare, plau lishushwe hadi ardhini na injini izimwe. Kisha wenzo wa valvu usogezwe mbele na nyuma mara kadhaa ili shinikizo lililobaki litoke. Ikiwa mikono imekwama juu, iegemezwe kwa magogo imara kabla ya mtu kuingia chini.

Eneo lote lisafishwe na kukaushwa, kwa kuwa mafuta hutiririka na kuonekana mbali na yanakotoka. Wakati wa kufungua zitumike spana mbili: moja ikizuia kiungo kilichoshikamana na valvu, nyingine ikizungusha nati. Matundu yafunikwe mara moja, maana chembe moja ya mchanga huweza kukwaruza valvu. Washa ya shaba na mpira wa mviringo vibadilishwe kila vinapofunguliwa. Kiungo kipya kianze kuingia kwa vidole. Kikikataa, kiondolewe na kipimwe upya. Nati yenye koni ya digrii 37, baada ya kukazwa kwa mkono, huhitaji kuongezwa kwa spana kiasi cha pande moja hadi mbili tu kati ya pande zake sita.

Hatari isiyoonekana

Kamwe mtu asitafute uvujaji kwa kupapasa. Mafuta yanayotoka katika tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha huonekana kama tone, na mwanzoni huenda lisiume, lakini ndani nyama huanza kufa. Aliyepatwa na mkasa huo apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji papo hapo, hata kama anajiona mzima, kwani kuchelewa kwa saa chache kunaweza kumgharimu kidole au mkono. Uvujaji utafutwe kwa kipande cha katoni kilichoshikwa kwa mbali, huku macho yamekingwa kwa miwani.

Kabla ya kununua

Trekta lililooshwa muda mfupi kabla ya mnunuzi kufika halisemi ukweli wote. Aombe liwashwe, linyanyue mzigo, kisha lizimwe. Mikono ikianza kushuka upesi, mafuta yanapita ndani ya valvu au silinda, na ugonjwa huo ni mkubwa kuliko kiungo. Ikibaki juu huku tone likidondoka kwenye nati, huenda dawa ni mpira mmoja wa mviringo na spana mbili. Tofauti kati ya hali hizo mbili inapaswa kujulikana kabla ya bei kukubaliwa na kabla ya trekta kuvuka mpaka.