Mbwa Ndiye Anayepanga Tarehe

Mtu akipata kazi nje ya nchi, huku kwetu Maganzo maandalizi huanzia gereji. Tairi mpya, oili, bima, keria ya kubebea magodoro. Mbwa hukumbukwa siku mbili tatu kabla ya safari, na hapo ndipo ninapoitwa mimi. Nina duka la dawa za mifugo. Kabla ya kustaafu nilikuwa afisa mifugo, ingawa watu wameshazoea kuniita daktari na nimechoka kuwasahihisha. Mgodi wa Mwadui uko mlangoni petu, kwa hiyo wateja wanaohama na mbwa hawanikatikii. Tangu John Williamson agundue almasi hapa mwaka 1940, watu wa mataifa mengi wamekuja na kuondoka. Ila siku hizi wanaohama na mbwa si Wazungu peke yao. Ni mafundi wetu wenyewe, wahandisi na waendesha mitambo, wanaofuata kazi Kigali, Kampala, Nairobi, na wachache Ulaya.

Mmoja wao, fundi umeme, alikuja na mkewe akiwa na furaha tele. Kazi Kigali ameipata, anaripoti baada ya wiki mbili, watoto wamepata shule. Nyuma ya pikapu kulikuwa na mbwa wawili, Bosi na Watasema. Bosi alikuwa mchanganyiko wa kila aina. Watasema alikuwa mbwa wa kienyeji hasa, mkia umejikunja, masikio yamesimama kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Shikamoo daktari. Tunaomba uwatazame kidogo hawa, tunaondoka nao."

"Marahaba. Walichanjwa lini?"

Mume akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama mbwa.

Nikajua hapo hapo kwamba wiki mbili hazitoshi. Chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa haikingi siku ile ile sindano inapochomwa. Mwili unahitaji muda wa kutengeneza kinga, ndiyo maana nchi nyingi hutaka chanjo iwe imepita angalau siku 21, nyingine 30, na isiwe imeisha muda wake. Hakuna afisa wa mpakani anayeweza kukupunguzia siku hizo, hata ukimlilia. Tuliafikiana mume atangulie, mke na mbwa wafuate baadaye. Bosi akachomwa bila neno. Watasema akapiga kelele hata kabla sijafungua kichupa.

Wapo wanaoona huu ni usumbufu wa makaratasi. Mimi nimeona kichaa cha mbwa, wao hawajakiona. Virusi huingia kupitia mate, mara nyingi kwa kung'atwa, vikapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Dalili zikishaanza, kwa mtu au mnyama, tiba karibu haipo. Shirika la Afya Duniani hukadiria watu 59,000 hufa kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Tatizo kubwa kwa safari ni kwamba ugonjwa hukaa kimya kwa wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya kujitokeza. Mbwa anaweza kuvuka mpaka akitikisa mkia, huku virusi viko njiani kuelekea kichwani. Nchi inayompokea inaogopa kimya hicho.

Kwa anayekwenda Ulaya hesabu ni ndefu zaidi, na hapo ndipo wengi huanguka. Kwanza mbwa awekewe chipu, kitu kidogo kama punje ya mchele kinachosukumwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo, chenye namba ya tarakimu 15. Chipu itangulie chanjo, au zote mbili zifanyike siku moja. Ukichanja leo na kuweka chipu mwezi ujao, chanjo hiyo haihesabiwi kwa sababu hakuna uthibitisho kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu. Angalau siku 30 baada ya chanjo, damu inatolewa na kupelekwa kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya, ipimwe kama kinga imefika uniti 0.5 kwa mililita. Imefika? Bado. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zilizopewa nafuu, hivyo mbwa anasubiri miezi mitatu tangu siku damu ilipotolewa. Marekani nayo, tangu tarehe 1 Agosti 2024, haipokei mbwa asiye na chipu wala aliye chini ya miezi sita.

Turudi kwa wa hapa jirani. Unahitaji kibali cha kuingiza mnyama kutoka mamlaka ya mifugo ya nchi unayokwenda, cheti cha chanjo, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na kibali cha wizara yetu cha kumtoa mnyama nchini. Cheti cha afya hukaa siku chache tu, kwa hiyo kichukue mwishoni. Majina ya mbwa yaandikwe sawasawa kwenye karatasi zote. Mke wa fundi aliniambia kule mpakani afisa alisoma cheti, akamtazama, akauliza, "Huyu anaitwa nani?" "Watasema." "Nani watasema?" Ikabidi mbwa aitwe kwa jina, akaja mbio, mambo yakaisha.

Kutoka huku kwenda Rwanda unashuka Shinyanga hadi Tinde, unakamata Kahama, Nyakanazi, kisha Rusumo kwenye daraja la Mto Kagera. Pale mpaka ni wa kituo kimoja: ukitoka Tanzania unahudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili upande wa Rwanda. Kumbuka pia kuhamia mkono wa kulia wa barabara. Wa Nairobi wana njia nzuri ya kupandia Mwigumbi, hapa hapa wilayani Kishapu, kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi, kisha Tarime na Sirari.

Lakini asije mtu akatazama ramani pale Lamadi akaona anaweza kukata Serengeti ili atokee Arusha. Mbwa haruhusiwi hifadhini, na sababu ipo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao mbwa wa vijijini huwa nao, uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi moja yao, kama simba 1,000. Mwenye mbwa anayetaka Arusha azunguke Nzega, Igunga, apande Sekenke, apite Singida na Babati.

Ndani ya gari adui ni joto. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Nje kukiwa nyuzi 27, gari lililofungwa hufika kama 37 kwa dakika kumi, na Shinyanga mchana nyuzi 27 ni siku ya baridi. Kwenye foleni ya mpakani mtu mmoja abaki na mbwa, kivulini. Chakula kidogo saa kadhaa kabla ya kuondoka, maji kila mnaposimama, dawa za usingizi hapana. Mbwa ambaye hajawahi kupanda gari azoeshwe mapema: Maganzo hadi Mhunze na kurudi, hadi aache kutapika. Ukikodi dereva, mwambie tangu mwanzo kuna mbwa. Wapo ambao kwa imani yao mate ya mbwa ni najisi, na si haki kumshtukiza mtu barabarani.

Wengine huniambia nijirahisishie, mbwa wa kienyeji aachiwe mlinzi, huko waendako watapata mwingine. Sikubaliani nao. Mlinzi naye huhama. Mbwa aliyeachwa hubaki mtaani bila chanjo, na baada ya mwaka mmoja naitwa kwa mtoto aliyeng'atwa. Kama huwezi kwenda naye, mtafutie mtu mwenye jina na uwanja, umkabidhi na cheti chake.

Mkataba wa Ulaya ukianza tarehe 1 Januari, mbwa awe na chipu na chanjo kabla Agosti haijaisha. Wa Kigali au Nairobi, mwezi mmoja na nusu unatosha. Mlete akiwa na kamba shingoni tafadhali, maana nje ya duka kuna kuku wa watu.