Chule ya embe haionekani siku ya kupakia

Mkulima wa kahawa wa Meru hahitaji kuelezwa chulebuni: punje huoza zingali changa mtini. Kuvu ya jamii ileile inayoleta chulebuni hushambulia maembe na kuleta chule, ila huko hujificha kwanza.

Mvua hurusha vimelea vyake kutoka matawi makavu hadi kwenye maua na matunda machanga. Vikishapenya ngozi ya juu ya ganda, hutulia, kwa kuwa ganda bichi lina kemikali zinazovizuia. Embe likianza kuiva kemikali hupungua, kuvu inaamka. Ndiyo maana shehena huondoka safi ikafika Dubai au Ulaya na madoa meusi. Nunua maembe mabichi soko la Kilombero hapa Arusha uyaache yaive mezani: mara nyingi utaona michirizi myeusi ikishuka kutoka kwenye kikonyo, njia ileile yalikopita maji ya mvua.

Kuosha kwa maji ya bomba hakuiondoi kuvu iliyo ndani ya ganda. Joto huifikia: maji ya nyuzi 52 hadi 55 za Selsiasi, dakika 5 hivi, kisha maembe yapozwe. Joto likipungua, kuvu inapona. Likizidi, ganda linaungua. Kwa hiyo kidole si kipimo. Nunua kipimajoto, na maji yazungushwe muda wote. Usichanganye na maji ya kuua funza wa nzi wa matunda. Hayo ni nyuzi 46 hivi, kwa zaidi ya saa nzima.

Wengine huongeza dawa ya kuvu majini. Uliza soko kwanza: idhini ya prokloraz, iliyotumika miaka mingi, iliisha Umoja wa Ulaya mwishoni mwa 2021.

Kinachonitia wasiwasi zaidi Arusha ni baridi ya kusafirishia. Tumezoea parachichi la Hass, linalosafiri vizuri kwenye nyuzi 5 au 6. Embe bichi kwenye baridi hiyo huumia: ganda hugeuka kijivu, tunda haliivi sawasawa, kuvu inapata upenyo. Lipe nyuzi 10 hadi 13, katika kontena lake.

Na shamba chafu haliokolewi na maji ya moto. Pogoa, choma matawi makavu, piga dawa wakati wa maua, vuna embe na kikonyo chake. Kabla hujanunua pipa la kuchemshia, pita ofisi za Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) pale Ngaramtoni uulize nchi unayoilenga inadai nini.