Kwa Nini Ni Vigumu Kuhama Mtandao wa Ujumbe?

Mkulima wa karafuu wa Wete anayetaka kubadili panga lake haombi idhini ya mtu. Akiona panga la duka jingine ni bora, hulinunua, na kazi yake huendelea siku hiyo hiyo. Lakini mkulima huyo huyo akitaka kuacha programu ya simu anayotumia kupelekeana ujumbe na jamaa zake, hukutana na jambo la ajabu. Programu nyingine ipo, haina bei, huingia katika simu kwa dakika chache, na yamkini ni bora kuliko ile ya zamani. Hata hivyo hahami. Wengi hudhani kwamba sababu ni uvivu au mazoea. Mazoea yana sehemu yake, lakini sababu iliyo kubwa zaidi ni ya hesabu.

Hesabu ya jozi

Chukulia ukoo wenye watu 20: 9 wanakaa Pemba, 5 Unguja, 3 Dar es Salaam na 3 Maskati. Wote wanatumia programu moja. Kila mmoja anaweza kuzungumza na wenzake 19, na kwa kuwa mazungumzo ya watu wawili huhesabiwa mara moja tu, idadi ya jozi zinazoweza kuzungumza ni 20 × 19 ÷ 2, yaani 190. Kanuni ya jumla ni n(n − 1) ÷ 2, ambapo n ni idadi ya watu. Ukoo ukifikia watu 40, jozi huwa 780. Watu wameongezeka mara mbili, lakini jozi zimeongezeka zaidi ya mara nne.

Sasa mmoja wao ahamie programu mpya peke yake. Huko anakokwenda jozi ni 0, na huko anakotoka amepoteza wenzake 19. Wa pili akimfuata, programu mpya huwa na jozi 1. Wakifika watano, jozi 10. Panga lina thamani hata likiwa pekee duniani, lakini programu ya ujumbe haina thamani yoyote mkononi mwa mtu mmoja. Thamani yake imo katika simu za watu wengine. Wanauchumi huiita hali hii athari ya mtandao. Robert Metcalfe, mhandisi wa Marekani aliyeshiriki kubuni mtindo wa kuunganisha kompyuta uitwao Ethernet mwaka 1973, ndiye aliyehusishwa na kanuni isemayo kwamba thamani ya mtandao hukua kwa mraba wa idadi ya watumiaji wake. Kanuni hiyo ni ya kukadiria tu, maana jozi zote hazina uzito sawa: mama mzazi hana uzito sawa na mtu usiyemjua. Lakini hilo huzidi kuufunga mlango, kwa sababu mtu mmoja tu asiyehama, akiwa ndiye mama, hutosha kuwabakiza watoto wote.

Kila mmoja humngojea mwenzake

Tuseme watu wote 20 wanakubali moyoni kwamba programu mpya ni bora. Je, watahama? Si lazima. Kila mmoja hujiuliza, "Wenzangu watahama?" Asipokuwa na hakika, hubaki, na kwa kubaki kwake huwapa wenzake sababu ya kubaki.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuilinganisha hali hii na gololi iliyotulia katika bonde dogo. Kando yake lipo bonde jingine lenye kina zaidi, lakini kilima kimeyatenga. Gololi ikisukumwa kidogo hupanda, kisha hurudi palepale. Ili ivuke, inahitaji msukumo wa kuifikisha kileleni.

Mwaka 2021 ulitoa mfano wa wazi. Mwezi wa Januari kampuni ya WhatsApp, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2014, ilitangaza masharti mapya yaliyowatia watu wengi wasiwasi kuhusu siri zao. Mamilioni ya watu duniani walichukua programu za Signal na Telegram. Telegram ilitangaza kupata watumiaji wapya milioni 25 katika saa 72. WhatsApp iliahirisha masharti yake kutoka tarehe 8 Februari hadi 15 Mei. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo, mitandao ya Facebook, Instagram na WhatsApp ilizimika kwa muda wa saa sita hivi, na watu wakakimbilia kwingine tena. Hata hivyo WhatsApp, iliyokuwa na watumiaji zaidi ya bilioni 2 mwaka 2020, ilipita bilioni 3 mwaka 2025. Wengi waliongeza programu mpya bila kuifuta ya zamani, na mazungumzo ya jamaa yakabaki yalipokuwa. Gololi ilipanda kilima, ikarudi bondeni.

Reale, rupia na shilingi

Jambo hili halikuanza na simu. Fedha nayo ina thamani kwa sababu wengine wanaipokea. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa pwani ya Afrika ya Mashariki, Uarabuni na Uhabeshi walitumia reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Sarafu hiyo iliendelea kupigwa baada ya kifo chake ikiwa bado na mwaka 1780, kwa sababu wafanyabiashara waliizoea sura hiyo na kila mmoja alijua kwamba mwenzake ataipokea.

Hata hivyo fedha hubadilika. Tarehe 1 Januari 1936 shilingi ya Afrika ya Mashariki ilichukua nafasi ya rupia ya Zanzibar, kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia moja. Muuza karafuu wa Pemba hakuhitaji kubahatisha kama jirani yake atahama, maana siku ilijulikana, kiwango kilijulikana, na sheria iliwahusu wote. Hapo ndipo siri ya kuhama ilipo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Gharama humwangukia nani?

Kuhama hovyo kuna madhara yake. Vijana wakihamia programu mpya, bibi wa Konde aliyefundishwa kwa taabu kubonyeza kitufe cha ujumbe wa sauti hubaki katika kundi lisilo na watu. Habari ya msiba humfikia baada ya mazishi. Picha za zamani na sauti za waliokwisha kufariki huweza kupotea pia.

Kubaki nako kuna gharama. Mwenye mtandao anafahamu kwamba watumiaji wake hawawezi kuondoka mmoja mmoja. Kwa hiyo anaweza kubadili masharti akijua kwamba wengi watanung'unika, kisha watakubali.

Njia mbili za kutoka

Njia ya kwanza ni mapatano. Ukoo, darasa au chama kinaweza kuchagua siku, kutumia programu zote mbili kwa muda uliowekwa mwisho, na kuwapa vijana kazi ya kuwasaidia wazee kabla ya siku hiyo. Kundi dogo linalozungumza zaidi lenyewe kwa lenyewe huhama kwa urahisi kuliko kundi ambalo kila mtu wake ana makundi mengine kumi.

Njia ya pili ni kuiunganisha mitandao yenyewe ili kuhama kusiwe na hasara. Mtu wa kampuni moja ya simu humpigia mtu wa kampuni nyingine bila taabu. Tanzania ilifanya hivyo hata katika fedha za simu: Tigo, Airtel na Zantel ziliungana mwaka 2014, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016, hata mteja akaweza kumtumia fedha jamaa yake wa kampuni nyingine moja kwa moja. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2022 inayozitaka kampuni kubwa kabisa za ujumbe zifungue milango yao kwa programu nyingine zinazoomba kuunganishwa.

Walimu wanaweza kulijaribu jambo hili darasani. Kila mwanafunzi aandike kwa siri kama angehamia programu mpya endapo wangehama wenzake 5, 10, 20 au darasa zima. Majibu yakichorwa kwa grafu, wanafunzi wataona kwa macho yao urefu wa kilima, na idadi ya watu wanaopaswa kuanza pamoja ili wengine wafuate.